Serikali ikiuza mali, jina la mnunuzi huenda wapi?

Gazeti Rasmi la Serikali likitoka, wazoefu wa mnada Mombasa hutafuta kwanza matangazo ya forodha. Tangazo la bandari ya Kilindini halifichi kitu: nambari ya fungu, meli iliyoleta, nambari ya kontena, kilichomo ndani, hata jina la mwenye mzigo aliyeshindwa kuutoa. Hupewa siku 30. Zikipita, mzigo huhesabiwa umetelekezwa, dalali aitwe. Ni tangazo la kabla ya mnada, kwa hivyo mnunuzi hayumo. Lakini yaani aliyeshindwa aanikwe nchi nzima, aliyefaidika apite kimya?

Mali ya serikali yenyewe, kama gari kuukuu la ofisi, ina sheria yake ya mwaka 2015. Kila taasisi huwa na kamati inayopendekeza kipi kiondoke na vipi: kihamishiwe idara nyingine, kiuzwe kwa zabuni, kipigwe mnada, au kitolewe kama sehemu ya bei ya kipya. Sheria hiyo hiyo yakataza taasisi kumuuzia mfanyakazi wake, ila pale iliporuhusu waziwazi. Sasa, kama jina la mnunuzi halijulikani, utajuaje gari halikuzunguka likarudi kwa bosi yule yule aliyekuwa akibebwa nalo?

Kwenye zabuni, bahasha hufunguliwa mbele ya walioomba na bei zikasomwa kwa sauti. Waliomo chumbani husikia. Wewe uliye Likoni hukusikia. Ukraine walilimaliza hilo kwa mtandao wa Prozorro.Sale: mnada ukiisha, washindani na bei zao huonekana na yeyote.

Kwetu huna budi kuuliza. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 yamruhusu raia yeyote kuandika, kwa Kiswahili ukitaka, bila kulipia ombi lenyewe. Kunakili tu ndiko kunakoweza kutozwa. Ofisi ina siku 21 kutoa uamuzi. Taja nambari ya zabuni au tarehe ya mnada, uulize aliyeshinda, alicholipa, na bei ya chini iliyowekwa. Ukijibiwa jina la kampuni, hiyo ni nusu ya jawabu: tangu 2020 kampuni hutakiwa kuweka rejista ya watu halisi wanaozimiliki, kuanzia asilimia 10 ya hisa, basi uliza na hao. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.