Ziwa Si Bahari: Dhana Potofu za Wanafunzi wa Kisumu Wanaokwenda Kusoma Mombasa

Kila mwaka vijana wetu wa Kisumu hupata nafasi katika vyuo vya Mombasa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiufundi kilichoko Tudor, na wengi huondoka wakiwa na imani ambazo hazikutoka kwa mtu aliyewahi kuishi huko. Mimi pia niliondoka hivyo.

Imani ya kwanza, na ndiyo ya hatari kuliko zote, ni kwamba kijana aliyejifunza kuogelea Dunga, kando ya Ziwa Victoria, hana jipya la kujifunza baharini. Ukweli ni kwamba Ziwa Victoria halimfundishi mtu kujaa na kupwa kwa maji, kwa sababu huko jambo hilo halionekani kwa macho. Mtumbwi ulioachwa ukingoni asubuhi utakutwa majini pale pale jioni. Mombasa bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokuwa salama Jumamosi iliyopita yaweza kuwa saa mbaya kabisa Jumamosi hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hupwa mbali sana kisha yakarudi kwa wingi, na katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Wanafunzi wageni hupenda kutembea hadi kwenye mwamba wa matumbawe maji yakiwa yamekupwa, wasijue kwamba yanaporudi hujaza kwanza bonde lililo kati ya mwamba na ufuo, yaani nyuma yao. Katika mwaka wangu wa kwanza tulirudi nchi kavu maji yakitufika kifuani, na mmoja wetu hakujua kuogelea hata kidogo. Tangu siku hiyo sikuingia baharini bila kumuuliza mvuvi maji yanaanza kujaa saa ngapi. Hilo ndilo swali lenye faida. Kuuliza tu kama bahari ni shwari hakutoshi. Upepo nao una majira yake: kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huchafua bahari, ilhali miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, maji hutulia na kung'aa, na hapo ndipo inapofaa kwenda kutazama samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Mombasa.

Wazazi wengine huwakataza watoto wao kuoga baharini kwa kuogopa kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo huishi katika maji baridi, hawaishi katika maji ya chumvi, kwa hiyo mtoto huyo alikuwa katika hatari kubwa zaidi alipocheza ukingoni mwa ziwa letu. Hata hivyo asidhani kwamba pwani nzima ni salama, kwa kuwa mabwawa na mito ya Kwale na Kilifi ina kichocho cha kibofu, ambacho huonekana kwa damu kwenye mkojo, tofauti na kile cha ziwani, ambacho zaidi hushambulia matumbo na ini.

Husemwa pia kwamba fuo ni za hoteli na mwanafunzi hana pesa za kuzifikia. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ile ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kumiliki uwanja wake, lakini haiwezi kumiliki mchanga huo, na ufuo wa umma wa Bamburi hujaa wanafunzi kila Jumapili.

Kuhusu watu, mgeni huambiwa kwamba mtu wa magharibi mwa Kenya hatakuwa na mwenyeji Mombasa. Reli iliyoanzia huko ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu enzi hizo watu wetu wamefanya kazi bandarini, wakaoa na kuzaa huko. Waswahili wenyewe wa Mombasa huhesabu miji 12, yaani jamaa zao za asili, katika makundi mawili, la mitatu na la tisa, nao huishi pamoja na Wamijikenda, Wahadhrami, Wahindi na Wakamba. Kiswahili chetu cha darasani kitaeleweka, ila mgeni ajiandae kusikia njia ikiitwa ndia na njaa ikiitwa ndaa, wala asidhani kwamba msemaji amekosea.

Tena matembezi hayaishii majini. Ng'ambo ya Likoni, ambako mtu wa miguu huvuka kwa feri bila malipo, kuna njia ya kwenda Shimba Hills, makao ya palahala, mnyama wa jamii ya swala. Kusini zaidi, Diani, iko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ambao wengi huudhania kuwa kichaka cha kupigia picha. Mgeni huingia humo kwa idhini ya wazee, amejifunga shuka nyeusi, na hatoki na chochote, hata jani lililokwisha kuanguka.