Kabla ya kumwaga CAN kwenye malisho yenye klova

Mvua za masika zinapokaribia, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku nyanda za juu za Kenya, kuanzia Kinangop hadi Molo, huniuliza swali lile lile: "Daktari, malisho yangu yana nyasi za kikuyu na klova. Niweke CAN?" Wengi huwa wameshainunua mbolea hiyo ya naitrojeni (calcium ammonium nitrate). Mimi huomba kwanza kuona klova ni kiasi gani, kwa sababu mbolea hiyo inaweza kuifukuza.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini nyasi haziwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Klova ni jamii ya mikunde, na mizizi yake hukaribisha bakteria wanaoitwa raizobia, wakajenga vinundu na humo wakaigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Chimbua mche mmoja, osha mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, kazi inaendelea. Kukiwa kijani au kijivu, imesimama.

Usidhani kila raizobia anafaa. Klova nyeupe ya Kenya, Trifolium semipilosum, ni ya kwetu. Waaustralia waliichukua wakaipa aina yao jina la Safari, na iliwabidi waipatie bakteria wake maalumu, kwani wale wa klova nyeupe ya Ulaya hawaifai. Ukipaka mbegu bakteria wasio wake, mahali ambapo udongo hauna wa asili, itaota vizuri kisha ibaki manjano na kudumaa.

Nyasi zinafaidikaje? Klova ikiwa hai huwagawia jirani kidogo sana. Naitrojeni nyingi huhama pale mizizi, vinundu na majani ya zamani yanapokufa na kuoza, na kupitia ng'ombe, ambaye hurudisha shambani zaidi ya robo tatu ya naitrojeni aliyokula, kwa kinyesi na mkojo. Ndiyo maana malisho mapya hayaonyeshi faida upesi. Na ndiyo maana anayekata majani kulisha zizini bila kurudisha samadi anahamisha rutuba yote ikaishie nyuma ya banda.

Tupige hesabu. Kila tani ya majani makavu ya klova huja na takriban kilo 30 za naitrojeni iliyotoka hewani. Hekta ikitoa tani 8 kwa mwaka, klova ikiwa asilimia 30, hizo ni tani 2.4, yaani kilo 72 hivi za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23. Umepata mifuko mitatu bila kwenda dukani.

Sasa mwaga CAN. Kuendesha vinundu kunaigharimu klova sukari nyingi, hivyo ikikuta naitrojeni tayari udongoni huinywa hiyo na kupunguza kazi ya vinundu. Papo hapo nyasi za kikuyu hupaa na kuifunika. Mashina ya klova yanayotambaa chini huhitaji mwanga ili yachipue, yakikosa, hufa. Msimu huo utaona kijani cha kupendeza, na msimu unaofuata utalazimika kununua tena.

Kuna jambo moja kuhusu vipimo vya maabara ambalo natamani kila afisa ugani angelishika. Nyasi zinapokua, kiwango cha naitrojeni ndani yake hushuka hata zikiwa zimeshiba, kwa kuwa mashina huongezeka kuliko majani. Kwa nyasi za joto kama kikuyu, zikiwa tani 1 ya majani makavu kwa hekta, zinahitaji takriban asilimia 3.6 ili zikue bila kuzuiwa. Zikifika tani 4, asilimia 2.3 inatosha. Kwa hiyo jibu la "asilimia 2.3" ni njaa kwenye nyasi fupi na shibe kwenye nyasi ndefu. Ukipeleka sampuli, pima pia uzito wa majani ya eneo ulilokata, na utenge nyasi na klova. Ukizichanganya, klova itaficha njaa ya nyasi.

Klova ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi, nami nitakubali uweke CAN kidogo kidogo, au upande klova upya. Ikiwa theluthi, fedha hizo nunulia TSP, mbolea ya fosforasi. Udongo mwingi wa huku una tindikali na hushikilia fosforasi, na mizizi ya klova hushindwa kugombea fosforasi na mizizi ya kikuyu. Ingiza ng'ombe nyasi zikiwa bado fupi ili mwanga ufike chini. Klova ikizidi nusu, usiwaingize ng'ombe wenye njaa asubuhi. Wape kwanza nyasi kavu, maana kuvimba tumbo kwa gesi kunaweza kumuua ng'ombe kwa saa chache.