Saini ya mzazi si ridhaa ya mtoto

Kila ukizuka mjadala kuhusu vile vipindi vya televisheni vinavyoonyesha vijana wenye matatizo wakipewa unasihi mbele ya kamera, hakosi mtu wa kusema, "Lakini si waliridhia?" Nimeyasikia maneno hayo saluni Area C, nimeyasikia kwenye daladala ya kwenda Mtumba, na juzi nikayasikia redioni kwa mtangazaji ninayemheshimu. Anayesema hivyo huwa na maana moja tu: kuna karatasi ilisainiwa. Karatasi hiyo ina kazi yake, lakini siyo ridhaa.

Ridhaa ni kukubali kwa hiari, baada ya kueleweshwa unachokikubali na madhara yake, ukiwa na uwezo wa kukataa leo na wa kubadili mawazo kesho. Kikikosekana kimojawapo, kinachobaki ni ruhusa ya mtu mwingine, au ukimya, au woga wa kumuudhi mkubwa.

Inafaa kujua dhana hii ilikotoka, kwa sababu haikutungwa na wanasheria wa vituo vya televisheni. Mwaka 1947, mahakama iliyowahukumu madaktari wa Kinazi huko Nuremberg ilitoa kanuni kumi za majaribio yanayofanywa kwa binadamu. Ya kwanza inadai ridhaa ya hiari ya mhusika mwenyewe, na ya tisa inampa uhuru wa kulisimamisha jaribio akifika mahali hawezi kuendelea. Miaka kumi baadaye, 1957, mahakama ya California ikaamua kesi ya mgonjwa aliyepooza miguu baada ya kipimo ambacho hakuelezwa hatari zake, ikasisitiza kwamba daktari hapaswi kumficha mgonjwa mambo anayohitaji kuyajua ili akubali kwa kuelewa. Watu waliumia kwanza, ndipo dhana ikapata umbo. Katika zile kanuni kumi, saini haitajwi. Saini ni ushahidi kwamba mazungumzo yalifanyika, na kama hayakufanyika, inashuhudia wino tu.

Sasa tuje kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, kwa hiyo mambo yake mengi huruhusiwa na mzazi au mlezi. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo wanapokosea. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Katika tiba na utafiti, ruhusa ya mzazi hutangulia, kisha mtoto anayeweza kuelewa huulizwa naye, kwa lugha ya umri wake. Ya mzazi haimezi ya mtoto.

Halafu kuna mambo mawili yanayochanganywa hata na watu wenye nia njema: kukubali tiba, na kukubali kurekodiwa ukiwa kwenye tiba. Kijana anaweza kulihitaji la kwanza kuliko chakula, na akalichukia la pili kwa moyo wake wote. Nafanya kazi ya unasihi na vijana hapa Dodoma, na najua ninachokisema. Mama mmoja wa Nkuhungu aliwahi kuniletea fomu nimsomee. Mwanawe wa miaka 15 alikuwa ameacha shule, haongei na mtu nyumbani, na usiku mwingine harudi. Fomu ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza msaada: mwanasaikolojia, vikao, ufuatiliaji, vyote bure. Ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo zaidi, ulisema mzazi anatoa haki zote za picha na sauti za mtoto zitumike popote, kwa njia yoyote, bila ukomo wa muda. Chini kulikuwa na mstari mmoja wa saini, wa mzazi. Wa kijana haukuwepo. Mahali pa kusema "tiba naitaka, kamera siitaki" hapakuwepo pia.

"Mwalimu, nikikataa si watamwacha?" akaniuliza.

Swali hilo lilinikaa rohoni, maana jibu lake ndilo linaloonyesha kama kuna hiari. Msaada ukiwa umefungwa kwenye kamera, mwenye fedha atakwenda kwa mtaalamu wake faraghani, na asiye nazo atalipa kwa siri za mtoto wake. Mama yule hakuwa mzembe wala mpenda sifa. Alikuwa amechoka na anaogopa, na mtu katika hali hiyo husaini chochote kinachofanana na mlango. Waandaaji wanalijua hilo, kwa sababu familia iliyo shwari haiwapigii simu.

Tena, unasihi wenyewe hubadilika kamera inapowashwa. Ninapokaa na kijana, kikao chote kinaweza kwisha akichezea kamba za viatu, na mimi nahesabu kwamba tumesogea. Kipindi cha televisheni hakina nafasi ya kikao kama hicho. Kinahitaji machozi kabla ya tangazo la biashara, na kinahitaji mama na mwana wakumbatiane mwishoni. Mnasihi anayelipwa na kipindi anamtumikia nani, kijana au mhariri? Kijana naye si mjinga, hugundua upesi ni maneno gani yanawafanya watu wazima wasogeze kamera.

Watajitetea kwamba sura hufichwa. Nimetazama vipande vya namna hiyo. Uso una ukungu, sawa, lakini sweta la shule linaonekana rangi yake, sauti ni ileile, mama hajafichwa, na nyuma yake kuna geti la bluu ambalo mtaa mzima unalijua. Kwa nani amefichwa? Kwa mtazamaji wa mbali ambaye hata hamjui. Wanafunzi wenzake hawahitaji uso.

Linaloniuma zaidi ni kutoweza kurudi nyuma. Kijana wa miaka 15 aliyekubali leo ana haki ya kusema "basi" akiwa na 16, au 20 akitafuta kazi, au 30 akiwa na watoto wake. Kipindi kikisharushwa na vipande vyake vikaingia kwenye simu za watu, "basi" yake haina pa kwenda. Ridhaa isiyoweza kuondolewa ni sawa na mauzo, na mtoto hakujiuza.

Tuna mfano wa karibu wa namna ya kumlinda. Mtoto akituhumiwa kwa kosa la jinai, shauri lake katika Mahakama ya Watoto husikilizwa faragha. Sasa itakuwaje mtoto aliyevunja duka apewe chumba kilichofungwa, na mtoto aliyevunjika moyo aonyeshwe nchi nzima saa mbili usiku? Uingereza, ambako vipindi hivi vimekuwepo miaka mingi, kanuni za Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji, zinataka ustawi na utu wa washiriki wa chini ya miaka 18 vilindwe bila kujali ridhaa iliyotolewa na wao wenyewe, wazazi au walezi wao. Bila kujali ridhaa. Maana yake, hata mkiwa na karatasi safi, bado mtaulizwa mlimfanya nini mtoto.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Tunaishi mji ambao jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu hulitumia kama tusi. Ukimwambia mzazi ampeleke mtoto kwa mtaalamu, kwanza anaangalia nani amesikia. Kipindi kinachoonyesha kwamba kuongea kunasaidia kinaweza kumsogeza mzazi kama huyo. Naamini hivyo. Lakini kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu mzima aliyepitia hayo na sasa anasimulia kwa kutaka kwake, au na waigizaji, au na mwanasaikolojia anayeeleza anachofanya bila kutaja mteja. Mtoto aliye katikati ya shida yake ndiye wa mwisho kubebeshwa elimu ya umma.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtangazaji, na wewe dada wa saluni, semeni "mama yake aliruhusu." Hilo ni kweli na hakuna wa kulibisha. Mkitaka kusema kijana aliridhia, ulizeni kwanza kama kuna aliyekaa naye peke yake, kamera ikiwa haijaingia chumbani, akamwambia kwamba akikataa kurekodiwa atatibiwa vilevile.