Jicho Linaona, Mkono Unakosea: Maswali kuhusu Ubongo na Kiharusi

Swali: Inawezekanaje aliyepata kiharusi akakitambua kikombe, akataja hata rangi yake, lakini akinyoosha mkono akakikosa?

Jibu: Inawezekana, kwa sababu ubongo hautumii njia moja kwa kutambua na kwa kutenda. Habari za macho hufika kwanza kisogoni, kisha hugawika: njia moja huelekea chini, usawa wa masikio, nayo hutujuulisha kitu ni nini, nyengine hupanda utosini, nayo huuongoza mkono hadi kitu kilipo na kuvipanua vidole kwa kiasi chake. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu huko Wete huzihitaji zote mbili, ya kwanza impambanulie kishada kilichokomaa, ya pili impeleke mkono kwenye kikonyo bila ya kupapasa. Kiharusi kikiharibu sehemu ya utosini, utambuzi huweza kubaki huku mkono ukipotea.

Swali: Kinyume chake hutokea?

Jibu: Hutokea, ingawa ni nadra. Mwanamke mmoja wa Scotland, anayejulikana kitaalamu kwa herufi D.F., alidhuriwa na gesi ya kaboni monoksaidi mwaka 1988. Hakuweza tena kusema kama mwanya ulio mbele yake umesimama au umelala, lakini alipotakiwa atumbukize kadi, mkono wake uligeuka wenyewe ukaiingiza sawasawa. Mwaka 1992 wanasayansi Melvyn Goodale na David Milner walitegemea ushahidi wa namna hii kueleza njia hizo mbili, ambazo kwa mtu mwenye afya huwasiliana daima. Gesi hiyo haina harufu na hutoka pia katika makaa. Tafadhalini, msilale na seredani inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa.

Swali: Babu yetu, tangu apate kiharusi, hula chakula cha upande wa kulia wa sahani tu. Ni ukaidi?

Jibu: Si ukaidi hata kidogo, na kumgombeza ni kumdhulumu. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo mara nyingi humfanya mgonjwa asiuzingatie upande wa kushoto, ijapokuwa macho ni mazima. Mgeuzieni sahani, mkumbusheni kwa upole aangalie kushoto, na mumpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Swali: Miwani itasaidia?

Jibu: Miwani hurekebisha jicho tu. Tatizo likianza ghafla, hasa pamoja na uso kupinda, mkono kulegea au maneno kutoeleweka, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, hata dalili zikiwa zimeondoka. Mwambieni daktari saa ya mwisho alipoonekana mzima, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache tu za mwanzo.