"Dereva wangu mzoefu, usingizi haumpati": dhana potofu za msimu wa mizigo mingi

Nimeisikia tena wiki hii, kutoka kwa meneja mwenye malori kibao, na kila msimu mizigo ikianza kuchanganya lazima niisikie: "huyu mzee ana miaka ishirini barabarani, usingizi kashauzoea". Mimi kazi yangu ni usalama wa malori na hii kauli imenichosha kabisa, maana ndo hiyo hiyo inayotumika kumrudisha barabarani mtu aliyeingia yadi alfajiri macho mekundu.

Usingizi hauzoeleki jamani. Uzoefu unamfundisha mtu kusoma kona, kujua trela linavyoyumba, kushika gia ya chini kabla mteremko haujaanza, basi. Mtu akikaa macho masaa 17 mfululizo anaendesha kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, akifikisha 24 ni kama 0.10, hayo yamepimwa, na mwili hauulizi leseni umeipata lini. Tena huyo mzoefu ndo namwogopa zaidi, kwasababu kijana akisikia kope nzito anapata woga anapaki, mzoefu anasema nimalizie kipande hiki tu.

Kuna ule usingizi wa kuibia, sekunde 4 hivi, macho yanaweza hata kuwa wazi. Lori kwenye spidi 80 linakata mita 22 kila sekunde kwahiyo hapo ni karibu mita 90 na hakuna anayeendesha. Ukimuuliza atakwambia hajasinzia, na wala hadanganyi, hajui. Mimi huwa siulizi kama umesinzia, nauliza "kituo cha mafuta cha mwisho ulichopita kilikuwa upande gani?" akibaki kunitazama namwambia shuka, leo hutoki.

Halafu naambiwa kuna kahawa, dirisha tunafungua, redio tunapandisha. Upepo na redio vinakuchangamsha dakika chache tu, usingizi uko pale pale. Kahawa nayo inachukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwahiyo paki sehemu salama, kunywa, lala dakika 20, ukiamka shuka tembea kidogo akili irudi ndo uwashe gari, na hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kulala, sio badala ya kulala. Na nyie mnaopanga trip, saa nane usiku mpaka kumi na mbili asubuhi mwili unadai usingizi hata kama mtu alilala mchana, msimpangie dereva aliye peke yake amalizie safari ndefu masaa hayo. Ulaya ukishaendesha masaa 4 na nusu lazima upumzike dakika 45, Marekani mwisho ni masaa 11 ya kuendesha baada ya mapumziko ya masaa 10, na hakuna palipoandikwa kwamba wazoefu hawahusiki.

Nyingine inayofanana na hiyo: "alipumzika kwenye foleni ya kupakia". Kaa naye siku moja uone, kila robo saa anagongewa mlango asogeze lori mbele, anashuka kuangalia mzigo unavyopangwa, anafukuzana na karatasi, halafu kwenye daftari imeandikwa masaa sita ya mapumziko. Hiyo ni kazi, ihesabuni kama kazi.

"Lori ni imara, tani mbili za kuzidisha halihisi." Breki na tairi zinahisi. Kwenye mteremko mrefu breki zikishapata moto zinapoteza nguvu, unakanyaga na gari haishiki.

Na hii ya deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa muda: "ana leseni, mpe funguo". Leseni inasema anaruhusiwa, haisemi kama anajua retada ya gari lako, ile ya kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, inawashwa wapi au trela lako lina urefu gani likirudi rivasi kwenye yadi iliyojaa vibarua wa kupakia ambao nao wameanza kazi jana na hawajui wasimame wapi dereva awaone kwenye kioo. Msimu ukishaanza hamna atakayepata muda wa kumfundisha, kwahiyo muite wiki mbili tatu kabla, atembee na dereva wa gari lile lile trip mbili, arudishe rivasi yadi ikiwa tupu, na vibarua nao waonyeshwe mstari wa kusimama siku hiyo hiyo.