Ndago sio nyasi jamani

Hii nimeisikia mpaka nimechoka: "ukoka wangu umevamiwa na nyasi fulani ngumu, nimeng'oa zote zikarudi nyingi kuliko mwanzo." Naomba picha, na hata kabla sijaiangalia vizuri nshajua ni ndago. Ndago sio nyasi! Shika shina lake uliviringishe kati ya vidole, utasikia kona tatu, na majani yake yanatoka matatu matatu, wakati nyasi shina lake ni la duara au bapa na majani yamejipanga pande mbili. Ni kazi ya sekunde tu, lakini watu wanakimbilia dukani kwanza.

Sasa ukiing'oa ikiwa imeshakomaa kinachokatika ni cha juu, chini vinabaki vinundu vimeungana kama shanga kwenye uzi, vingi vipo ndani ya sentimita 15 za juu za udongo, na vile vilivyokuwa vimelala ndo vinaamka. Kung'oa sio kosa, kosa ni kuchelewa. Ing'oe changa, haijafikisha majani matano au sita, maana baada ya hapo inatengeneza vinundu vipya, na urudie kila ikichomoza mpaka kinundu kiishiwe akiba. Inachosha, ndiyo. Ukitaka dawa tafuta yenye halosalfuroni, soma lebo uone kama aina ya ukoka wako imetajwa, na usitegemee kuona kitu kesho, ni wiki kadhaa na mara nyingi unarudia. Usikate ukoka siku ya kupulizia tafadhali, majani ndo yanayopitisha dawa kwenda chini.

Mengine haraka haraka. Eti dawa ya 2,4-D inaua kila gugu: inaua yenye majani mapana, magugu ya jamii ya nyasi yanaiangalia tu. Glaifoseti ndo itayaua, pamoja na ukoka wenyewe. Pendimethalini inazuia mbegu kuota, kumwagia gugu lililokwisha kukua ni kutupa hela. Chumvi ya kuulia magugu sitaki hata kuijadili, udongo wako umekukosea nini?

Halafu kukata ukoka fupi kabisa ili magugu yafe. Wapi! Jua linafika kwenye udongo, mbegu zinaota kwa raha zao. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, ukoka mrefu unatia kivuli na ndago yenyewe haipendi kivuli.

Na lile gugu lenye kitako cheupe bapa, linalojaa pale mnapopita kila siku, udongo umeshindiliwa hapo, utoboe upate hewa na mbadilishe njia.