Oili ya giaboksi kwa Massey Ferguson 135

Ukiulizia oili ya gia kwenye duka la spea Kirinyaga Road, Nairobi, swali la kwanza huwa, "Tisini au mia moja arobaini?", yaani namba ya SAE ya uzito wa oili. Kama trekta yako ni Massey 135, hiyo si njia ya kuichagulia oili.

Kwenye 135, giaboksi, difu na haidroliki zote zinakunywa oili moja, na pampu ya haidroliki imezama humohumo. Oili lazima ilinde meno ya gia na bado iwe nyepesi kiasi cha kuvutwa na pampu. SAE 140 ni nzito mno. Asubuhi ya baridi ya Julai utasikia pampu ikilia, na lifti itapandisha plau kwa kusuasua. ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, ni nyepesi mno kwa gia zilizolika na itapenya kila sili chakavu.

Mimi naweka UTTO, oili iliyotengenezwa mahususi kwa giaboksi na haidroliki za trekta. Soma mgongo wa jerikeni utafute M1143 au M1145, vipimo vya Massey wenyewe. Trekta yenye Multi-Power, mfumo wa kubadilisha kasi bila kukanyaga klachi, haina mjadala: ile klachi yake hufanya kazi ndani ya oili, na oili nzito ya gia huiharibia kazi.

GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili za gia; usivutwe na GL-5 kwa sababu namba yake ni kubwa. Imekusudiwa difu za haipoidi, ambazo meno yake husuguana kwa nguvu, na salfa iliyomo katika baadhi yake hula bushi na washa za shaba.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka wa wenzo wa gia. Dondoshea tone juu ya bati la moto. Likichatuka, ni maji. Badilisha mpira kwanza, la sivyo mvua ijayo itakurudisha palepale.

Mwaga oili ingali moto. Plagi za kumwagia ni zaidi ya moja, fungua zote, kisha safisha chujio la pampu kwa dizeli. Nunua jerikeni mbili za lita 20. Inaingia takriban lita 30, lakini kinachoamua ni dipstiki. Washa injini, pandisha na kushusha lifti mara kadhaa, zima, acha oili itulie trekta ikiwa mahali tambarare, kisha pima tena na kuongeza.

Mwenye Ford 3000 asifuate hesabu hii: giaboksi yake na difu zina oili mbali mbali, na kila moja hupimwa peke yake.